Mfilisi wa Kiwanda cha Sabuni Iyunga

Mahakama Kuu ilipoamuru kiwanda cha sabuni cha Mzee Mahendra kule Iyunga kifilisiwe, ilimteua Bwana Benjamini kuwa mfilisi: akusanye mali, aiuze, awalipe wanaodai, aripoti kwa jaji. Siku ya kwanza alibadilisha makufuli. Siku ya pili akabadilisha mapazia ya ofisi ya mkurugenzi.

Tekla, mtunza stoo aliyefanya kazi hapo miaka kumi na tisa, alibakizwa amwonyeshe vitu vilipo.

"Sisi wafanyakazi tutalipwa lini, bosi?"

"Kwanza gharama za ufilisi, mama. Ndiyo sheria."

Gharama hizo zilinawiri. Mara saba mfilisi alikwenda Iringa kukagua ghala la kiwanda lililoko Ipogolo, akilala hotelini kila safari, ingawa ghala lenyewe ungeweza kulikagua ukiwa umesimama mlangoni. Mzee Mahendra alipofuata dawa zake za presha alizosahau kwenye droo, aliambiwa aandike barua, kwani droo ni mali ya kampuni. Mzee akaenda kununua nyingine. Tekla aliona aibu utadhani yeye ndiye aliyemkatalia.

Mwezi wa nane mtambo wa kuchemshia sabuni ukauzwa kama chuma chakavu. Tekla ndiye aliyeandika kibali cha kuutoa getini, na dereva alimtajia mwisho wa safari: Ipogolo. Chuma chakavu gani kinafunikwa maturubai mawili kisinyeshewe?

Akapanda basi. Ghalani alikuta mtambo umefungwa vizuri, unatoa mvuke, na shemeji wa mfilisi amevaa aproni mpya. Tekla alinunua mche mmoja wa sabuni, akadai risiti, akapiga picha. Wakili wa wafanyakazi akavipeleka vyote mahakamani.

"Nani alithibitisha kwamba mtambo ni chakavu?" jaji aliuliza.

"Mtaalamu, mheshimiwa."

"Mtaalamu gani?"

Benjamini akakohoa. "Shemeji yangu."

"Wewe ni ofisa wa mahakama hii," jaji alisema. "Hukurithishwa kiwanda."

Akaondolewa, akaamriwa kuurudisha mtambo. Mfilisi mpya, Bi Tumpe, alitakiwa kupeleka taarifa kila mwezi kwa kamati ya wadai, na Tekla akawa mjumbe. Kikao cha kwanza alisoma kila mstari, wenzake wakipiga miayo, hadi chai ikapoa.

Wafanyakazi walipata nusu ya haki yao. Benjamini, nasikia, sasa anaendesha semina za uadilifu mjini Iringa. Kiingilio hulipwa mapema.