Utani Uliofika Ungali Moto

Hebu pata picha ya meza ya jikoni, kompyuta kuukuu, vikombe viwili vya chai, na mwalimu mstaafu ambaye kidole chake kiko juu ya kibonye lakini hakibonyezi, maana programu anayoitafuta ikikosekana tena itakuwa mara ya saba, na mumewe yuko hapo pembeni, kimya, kimya cha miezi minne tangu daktari amtoe uvimbe kooni na sauti ikaondoka nao, mtu aliyekuwa akimtania kutwa nzima, sasa anaandika vijikaratasi, na utani wa kwenye karatasi unafika umepoa... "Mama, unanisikia?" ni binti yao kwenye simu, ndiye aliyewawekea Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hiyo, "umeandika nini pale pa kutafutia?" Jina, mwanangu, jina lile la programu alilonipa muuguzi wa hospitali, nimeliandika kwa herufi kubwa, nikarudia kwa ndogo, "Hiyo ni ya kompyuta za aina nyingine, Mama, humo haimo, achana na jina, andika kazi unayotaka ikufanyie"... kazi, jamani, miaka thelathini na miwili akiwaambia watoto wa darasa la kwanza, usininyooshee kidole ukasema nataka kile, niambie unataka kufanya nini, ukisema kukata nitakupa mkasi, na leo yeye mwenyewe amekaa hapa, kile, kile, kama mtoto wa siku ya kwanza, haya basi, kusoma maandishi kwa sauti, anabonyeza, na loo! programu zimejipanga kama watoto mstarini, tatu, saba, kumi na moja, siku zote zilikuwa humu zikingoja aulize vizuri, anaichagua ya juu, mstari wa kuipakua unajaa polepole, nusu, na je, ikisema kwa sauti ya mgeni, si ile ya mumewe yenye mkwaruzo... umejaa, na mume keshaivuta kompyuta, anaandika kwa vidole viwili, taratibu, na kompyuta inasema, kwa sauti ya puani, bila haya hata kidogo, "Mke wangu, chai inapoa, unanitazama nini?" "Nani huyo, Mama?" "Baba yako," anasema, anacheka huku machozi yanamtoka, sauti si yake, lakini uchokozi ni wake mtupu, na umefika ungali moto, vikombe viko palepale, havijaguswa, bado vinafuka moshi kidogo... Nawe, siku ukikwama mbele ya pale pa kutafutia, tafadhali likumbuke hili moja tu: taja kazi unayotaka ifanyike.