Alhamisi ya Wa

Tsuneo Nagami alikuwa na wiki arobaini na tatu za kusubiri, na mguu wake wa kulia ulizisubiri zote kwa kutikisika. Kila Alhamisi saa saba mchana aliketi kiti cha pili kutoka mlangoni, katika mkahawa wa Mama Tokiko nyuma ya stesheni ya Kurayoshi, na vikombe vya meza ile vikalia kwenye visahani mpaka mtu amwambie atulize goti.

Chanzo cha yote ni Mwenyekiti Kajitani. Huyu alikuwa mkuu wa stesheni miaka thelathini, akastaafu, akakosa treni za kuamrisha, ndipo akaligeukia kundi la karaoke la mchana, wazee kumi na mmoja wenye maikrofoni moja. Mwezi wa Machi alisimama akasema amechoka kusikia nyimbo zile zile kumi na moja. Kuanzia Aprili wataimba kwa silabi. Alhamisi ya kwanza ni A, na kila mtu ataimba wimbo ambao jina lake linaanza na A. Ya pili ni I, ya tatu U, hivyo hivyo kama watoto wa Japani wanavyofundishwa shuleni, mpaka Wa, silabi ya arobaini na nne na ya mwisho. Hakuna kuruka, hakuna kurudi nyuma. Pakitokea ubishi, kitaamua kitabu cha nyimbo cha Mama Tokiko, kile kinene chenye jalada la kubandikwa kwa gundi.

Wenzake walipiga makofi. Tsuneo alianza kuhesabu Alhamisi kwa vidole. Wimbo aliokuwa nao moyoni ni "Mimi Nashukia Mbele". Mimi kwa Kijapani ni watashi, na watashi huanza na Wa.

Wiki mbili kabla ya amri hiyo aliuimba pamoja na Bi Kinuyo Ikuta, mjane aliyekuwa dobi, mwanamke mwenye sauti nzito na ulimi usiomwogopa mtu. Katika wimbo huo mwanamke yuko ndani ya treni, anamwambia mwanamume wa kiti cha pembeni kwamba yeye anashukia stesheni ya mbele. Je, mwenzake anaendelea na safari? Waligongana kwenye neno la kwanza kabisa, huyu huku na yule kule, watu wakacheka, wakaanza upya. Baadaye, wakivaa makoti mlangoni, Kinuyo alimwambia bila kumtazama, "Siku moja niimbie wewe mwenyewe, Bwana Nagami. Peke yako. Ukiniimbia, nitajua."

Mwanamume mwingine angemwimbia palepale barabarani. Tsuneo alishona mikeka ya tatami miaka hamsini, na kazi ile haimfundishi mtu kusema. Ukimuuliza mbona asiende kumgongea mlango, angekutazama kana kwamba umemwambia avue nguo sokoni. Alichotaka ni kuishi na mwanamke yule siku zake zilizobaki, basi, na hilo hakujua kulisema ila kwa kuliimba.

Alhamisi ya A alikuwa mtulivu, maana Wa ilikuwa mbali mno. Kinuyo alikuja na sweta mpya ya kijani, akamwangalia mara mbili tatu, hata Tsuneo akajipangusa shavu akidhani ana punje ya wali. Zamu yake ilipofika akaimba wimbo wa mvua asioupenda hata yeye, akaketi.

Utulivu uliishia hapo. Ka, Ki, Ku, kila wiki aliona silabi zinajikokota. Kinuyo naye alihamia meza ya dirishani na kuanza kumwitikia kwa adabu, adabu ile ya kumjibu mteja, nayo ikamuuma Tsuneo kuliko tusi. Akajipa moyo kwamba Wa itarekebisha kila kitu. Akafanya mazoezi bafuni mpaka jirani akamgongea ukuta.

Kisha Januari, Alhamisi ya Ra, Kinuyo aliweka kijiko chini akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba anahamia Sendai kwa binti yake. Lori litakuja Ijumaa, siku moja baada ya Wa.

Tsuneo alimfuata Kajitani hadi chooni.

"Mwenyekiti, tuunganishe Ri na Ru. Ru yenyewe ina nyimbo ngapi? Robo ukurasa!"

"Hata stesheni isiyo na abiria, treni husimama."

"Watu wana umri hapa, Mwenyekiti. Mtu anaweza kufa."

"Nani amekufa?"

"Bado!"

"Basi akifa utaniambia," alisema Kajitani, akafunga mlango.

Ru ikapita kwa mateso, watu kumi na mmoja wakigombania robo ukurasa. Re ikapita. Alhamisi ya Ro Tsuneo hakukumbuka alichoimba. Siku ya Wa theluji ilianguka tangu alfajiri, naye alinyoa ndevu mara mbili, akajikata, akafika saa sita kamili na kukuta mlango wa Mama Tokiko umefungwa. Akasimama nje saa nzima akipigapiga miguu chini. Safari hii alikuwa na sababu.

Walipokaa wote, Kinuyo pale dirishani akiwa na mkoba mapajani kama mtu wa kuondoka, Tsuneo alivuta kitabu atafute namba ya wimbo. Hakuwahi kuitafuta kabla. Nani huangalia kitabuni wimbo anaoujua tangu ujana? Alipitisha kidole kwenye Wa kutoka juu hadi chini. Akarudia.

"Mwenyekiti. Kitabu kimesahau wimbo wangu."

Kajitani alivaa miwani, akauliza ni wimbo gani. Tsuneo akautaja kwa sauti ndogo. Kajitani alipekua kurasa zote kurudi mwanzo kabisa, akaweka ukucha.

"Huu hapa. A."

"Haiwezekani! Ni watashi!"

"Soma vile viherufi vya juu."

Herufi ya "mimi" ilikuwa ile ile aliyoijua. Lakini juu yake, kwa wino mdogo, paliandikwa inavyosomwa: atashi. Mimi ya kike, mimi ya nyumbani, jinsi mwanamke anavyojitaja akiwa na watu wake. Maisha yake yote Tsuneo aliisoma kirasmi, watashi.

"Anayeimba ni mwanamke, wee mzee," alisema Mama Tokiko kutoka kwenye sufuria ya figili. "Ulitaka ajitaje kama karani wa benki?"

Watu wakacheka. Kinuyo hakucheka.

"Treni ya A iliondoka Aprili," alisema Kajitani, akafunga kitabu.

"Najua," alisema Kinuyo. "Nilikuwa stesheni."

Kicheko kikakatika. Alikuwa akimtazama Tsuneo moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

"Nilinunua sweta. Nikakaa pale, mbele yako. Ukasimama, ukashika maikrofoni, ukaimba mvua. Nikasema basi, Kinuyo, umejibiwa. Wiki ile ile nikampigia binti yangu, nikamwambia nitakuja."

"Nilikuwa nasubiri Wa," alisema Tsuneo.

"Na mimi nilisubiri A." Sauti yake ilitetemeka, akakasirika kwamba imetetemeka. "Miezi kumi, Bwana Nagami! Mdomo ulikuwa nao siku zote!"

Tsuneo alijiona mpumbavu, na alikuwa mpumbavu, na wote mezani walilijua hilo na walimhurumia, jambo lililozidi kumchoma.

Kajitani alitazama saa yake, akasimama wima, akakohoa.

"Abiria mnatangaziwa," alisema, kwa sauti yake ya zamani ya stesheni. "Treni ya A imechelewa miezi kumi. Inaingia sasa. Tunaomba radhi."

Mama Tokiko akabonyeza namba. Tsuneo akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Safari hii alianza na A, sawasawa, peke yake, na Kinuyo hakuitikia hata neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Mashine ya karaoke ikampa Tsuneo alama sitini na nane kati ya mia.

"Sasa nimejua," alisema Kinuyo. Akavaa koti. "Lori ni kesho saa mbili asubuhi. Wajukuu wameshakipaka rangi chumba changu."

Aliinama kumuaga kila mmoja, Tsuneo akiwa wa mwisho, akamwinamia muda mrefu kuliko wengine. Mlango ukafunguka, theluji kidogo ikaingia, ukafungwa.

Hakuna aliyetaka zamu iliyofuata. Tsuneo alikuwa bado amesimama na maikrofoni, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili.

"Mwenyekiti. Sendai mtu anafikaje?"

Kajitani hakuhitaji kitabu. "Unabadilisha treni Shin-Osaka. Unabadilisha tena Tokyo. Kutwa nzima njiani."

"Sema polepole," alisema Tsuneo, akitafuta kalamu mifukoni. "Na stesheni ya kushukia, jina lake linasomwaje?"