Shavu la Kulia la Zuena

Zuena Mwishehe alikuwa akiuza madera sokoni Tandika, na kabla ya kuugua hakuna mteja aliyepita mbele yake bila kuitwa. Kisha sikio likamuuma wiki nzima. Lilipopona, upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala. Shavu limelegea, pembe ya mdomo imeshuka. Tangu siku hiyo hakutaka kujitazama kwenye kioo.

Felicitas, mhandisi wa vifaa vya tiba katika kliniki ndogo ya binafsi huko Temeke, alidhani kazi ya kuliinua shavu la Zuena itakuwa nyepesi. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso haukuwa umekufa, ulikuwa umezubaa tu. Angebandika vibandiko karibu na sikio, apitishe umeme mdogo, shavu lipande. Lakini mshipa ule una matawi mengi, na umeme hauchagui. Kila alipowasha, jicho lilifumba, shingo ikakakamaa, mdomo ukavutwa pembeni.

"Dada Feli, unanikonyezesha," Zuena alisema kwa nusu ya mdomo. "Nikirudi sokoni hivi, waume za watu hawataniacha."

Wakacheka, na Felicitas akarudi kwenye kompyuta. Wimbi lake la kwanza la umeme lilipanda ghafla na kushuka ghafla, likaamsha kila kitu. Akachora jingine, linaloanza chini na kupanda polepole, ili nyuzi za mshipa ziendazo jichoni, zilizo karibu na kibandiko, ziuzoee umeme na kunyamaza. Mwishoni liruke kidogo tu, lizifikie nyuzi za shavu peke yake. Tena lilikula umeme kidogo, ngozi haikuchomachoma.

Siku ya kulijaribu, Zuena alikuja na mama yake, Bi Mwanabaraka. Felicitas akamwamkia, akabandika, akawasha.

Jicho lilibaki wazi. Shavu likapanda taratibu, mdomo ukainuka, na katikati ya shavu pakabonyea dimpozi moja, ndogo, ya kina.

Felicitas alikuwa tayari kupiga makofi aliposikia Bi Mwanabaraka akiita kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mtoto aliye uani: "Najat?"

"Mama, mie Zuena."

Mama aliendelea kulitazama lile shavu. Baadaye, Zuena alipokwenda kunawa uso, ndipo mama alipomweleza Felicitas. Najat alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alifariki kwa homa akiwa na miaka mitano, Zuena akiwa bado tumboni. Haikubaki hata picha yake.

"Zuena hana dimpozi," alisema. "Hajawahi kuwa nayo. Ile ni ya mwenzake."

Felicitas alijiambia kwamba msuli ukivutwa na umeme unaweza kubonyeza ngozi popote. Hilo lilikuwa kweli. Hata hivyo, alipokuwa akikunja nyaya, aliutazama mlango mara mbili.

Kuanzia hapo Bi Mwanabaraka hakukosa hata siku moja ya matibabu. Alihamisha kiti chake upande wa kulia, akakaa karibu na lile shavu. Alilisimulia habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kahama. Zuena akimuuliza kitu, hakusikia.

"Mama haongei na mie tena," Zuena alimnong'oneza Felicitas mchana mmoja, machozi yakimlengalenga. "Zima, dada. Zima sasa hivi."

Felicitas akazima. Kwenye skrini mstari ukalala bapa.

Shavu halikushuka.

Upande wa kushoto Zuena alikuwa analia. Upande wa kulia anatabasamu. Jicho la kushoto lilimtazama Felicitas likiomba msaada. La kulia lilisogea peke yake, polepole, likaenda kutulia usoni kwa mama.

"Mwache kidogo," Bi Mwanabaraka alisema. "Ndiyo kwanza amekuja."

Felicitas alivibandua vibandiko kwa nguvu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Shavu lilichukua muda kushuka.

"Sitaki tena lile," Zuena alisema alipopata pumzi. "Bora nikonyeze."

Jioni ile Felicitas akalifuta wimbi, akachora jingine la ovyo zaidi, linaloinua shavu na kufinya jicho pamoja. Kesho yake Bi Mwanabaraka alikuja peke yake, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mara moja tu, mwanangu. Walimzika mie nimelazwa. Sikumuaga."

"Nimelifuta, mama."

"Huwezi kulichora tena?"

Felicitas angeweza. Kila mkunjo ulikuwa kichwani mwake. "Siwezi," akasema. Mama akaitikia kwa kichwa, akajifunga mtandio wake vizuri na kuteremka ngazi akishika ukuta.

Wimbi la ovyo na mazoezi vilimsaidia Zuena. Shavu lilipanda nusu, jicho likafinyika kila alipocheka, wala dimpozi haikuonekana. Akarudi kwenye madera yake. Siku ya mwisho kliniki alimuuliza Felicitas.

"Najat alikuwaje? Mie nilimhisi tu, sikumwona."

Felicitas hakutaja misuli wala nyuzi. "Alikuwa na furaha," akasema.

"Alikutazama wewe?"

"Hapana. Alimtazama mama yako."

Zuena alilishika shavu lake la kulia kwa kiganja, akalishikilia. "Afadhali," akasema.