Kola Shingoni mwa Ng'ombe

Nzula alipiga meza ya profesa hadi kikombe kikaruka.

"Prof, hii kampuni isipewe hata siku moja zaidi!"

Profesa Mwanzia, mkuu wa idara, alipangusa chai kwenye tai yake pole pole. Kampuni hiyo ya ng'ambo ilikuwa imeahidi kukijengea chuo maabara nzima, na ilichotaka ni kitu kidogo tu, eti: kuwavisha ng'ombe wa Kajiado kola za setilaiti ili ijulikane wanatembea wapi wakati wa kiangazi. Nzula, mhadhiri wake, ndiye aliyezunguka manyatta za wafugaji akiomba ruhusa. Sasa, kabla ya mkataba mkubwa, ndiye aliyeambiwa apime kama mradi una hatari kwa usalama wa nchi. Wakubwa wa chuo walidhani atapiga muhuri aende zake.

Ala! Mama wa watu akafungua ramani ya kola za majaribio, akaona mambo. Ng'ombe wa mzee Lesiamon, huko nyuma ya Isinya, walikuwa wanaingia kambi ya jeshi kila asubuhi. Mwaka huo wa 2009 mvua ilikataa kabisa, na wanajeshi kwa utu wao walikuwa wakimfungulia mzee geti la nyuma anyweshe mifugo kwenye kisima chao. Ni ujirani tu, hakuna aliyeuandika popote. Na kola ilikuwa kwa yule ng'ombe anayeongoza wenzake. Kwa hivyo kampuni, ikiwa imestarehe huko kwao, ilikuwa inachorewa geti, njia za ndani, kisima, na saa ambazo geti huwa wazi. Jasusi wa nini tena?

"Basi andika," Profesa akasema. "Andika yote."

Nzula akaandika kwa hasira. Alitaja geti, kisima, na mzee kwa jina, ili wakubwa wakose pa kujifichia. Akapendekeza kampuni ifukuzwe. Nakala moja akapeleka chuoni, nyingine jeshini, akalala usingizi mnono.

Siku chache baadaye alifika kwa Lesiamon. Ng'ombe walikuwa wamelala chini kwa kiu, mbavu nje, hawawezi kusimama, na mzee hakumsalimia.

"Mwalimu, ulikunywa maziwa kwangu," akasema. "Ukaniambia hii kitu ya shingo itasaidia ng'ombe. Sasa askari wamefunga geti. Wanasema ni wewe uliandika jina yangu."

"Papa, mimi nilisema kampuni ndiyo itoke! Si ng'ombe!"

"Ng'ombe ndio wametoka."

Nzula akampigia Profesa simu.

"Daktari! Kazi safi sana!" Profesa alikuwa anacheka. "Ng'ombe hawaingii kambini tena, kwa hivyo hatari haipo. Tulitia sahihi jana. Wanataka kuongeza kola, na wewe ndiye wazee wanakuamini, so utatusaidia kuongea na..."

"Mshenzi wewe!" Nzula alipayuka. Hakuwa amewahi kumtukana mkubwa wake maishani, na siku hiyo alimtukana kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kikamba, machozi yakimchuruzika, hata mbuzi wakageuka kutazama.

Lesiamon alimngoja avute pumzi.

"Huyo unaongea na yeye, anaweza kufungua geti?"

"Hapana, Papa."

"Basi wacha simu. Kuja ushike mkia, tuinue huyu ng'ombe."