Vidole Viwili na Kucha

Baba yangu aliingia kwenye ufundi wa viatu kwa kuharibu kiatu. Nilikuwa na miaka minne, mguu wangu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na hospitali ilikuwa imenipa kiatu kizito chenye vyuma viwili ubavuni. Watoto wa mtaani wakaniita Reli. Siku ya tatu baba, ambaye wakati huo alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, alirudi kutoka kazini asubuhi akanikuta nimejificha chini ya kitanda. Hakunibembeleza wala hakunichapa. Alichukua kisu cha jikoni akakipasua kiatu kile kuanzia kisigino mpaka mbele, ili aone ndani kuna nini. Alipomaliza kuona, hakuweza kukirudisha. Ikambidi ajifunze.

Alijifunzia kwenye viatu vya majirani wenye subira. Nilipoanza shule nilivaa viatu vyeusi vya kamba kama mtoto yeyote, na nyongeza yote ilifichwa ndani, tabaka za ngozi zilizopungua kuelekea vidoleni. Nikatembea sawa. Wakati wa mapumziko nilimwona nje ya uzio, anajifanya anasoma gazeti, yeye ambaye magazeti alifungia viatu tu.

Ghala akaliacha, akakodi duka la mlango mmoja pembeni ya fundi wa mabegi. Alidumu pale miaka thelathini na moja. Mama alipofariki, alihamishia meza yetu ya chakula dukani, mimi na mdogo wangu tukawa tunafanya kazi za shule katikati ya soli na misumari, yeye akituuliza jedwali la kuzidisha huku mdomo umejaa misumari. Kwa wateja alikuwa mkali. Mtu akileta kiatu kilicholika upande mmoja, hakipokei kabla hajamtembeza mwenyewe mbele ya mlango na kumsuta hadharani: "Unatembea kama unayemkimbia mtu. Nani?" Waliudhika, na walirudi.

Wateja wote aliwapima kwa futi kamba. Mimi tu alinipima kwa mkono. Kila baada ya miezi mitatu alinisimamisha pekupeku juu ya sakafu, akapiga goti, akaulaza mkono wa kulia kwa ubavu, kidole cha shahada na cha kati vikiwa vimelaliana, nami nikavikanyaga kwa kisigino. "Kanyaga, wewe si ndege." Akatazama kiuno changu kama mwashi anavyotazama ukuta, akachomeka kucha ya kidole gumba juu ya vile vidole, akatoa hukumu: "Vidole viwili na kucha." Tangu nilipoacha kukua kipimo hakikubadilika hata siku moja. Hakuacha kupima.

Alifariki Jumanne asubuhi, ameinamia meza. Fundi wa mabegi alimsalimia mara mbili akidhani anatafuta msumari. Mbele yake palikuwa na viatu vyangu. Tabaka za zamani alikuwa amekwisha kuzibandua na kuzitupa. Mpya alikuwa hajaanza.

Mdogo wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Tunamwita Honi, kwa sababu alianza kupiga honi kwa mdomo kabla hajajua kusema mama. Alinipigia simu kutoka mpakani. "Dada, lori limezuiwa. Siku mbili tu. Nisubirini nimwone baba."

Nikamjibu, "Asiyekuwepo na lake halipo." Nikakata simu. Tukazika kesho yake saa nane mchana.

Wapo waliosema nilifanya vyema, maiti haiwekwi. Mimi najua nilichofanya. Honi alikuwa ameahidi kuja mara nyingi na hakuja, na kila mara baba alimtetea: barabara ina mambo yake. Mimi niliyekuwepo kila siku sikuhitaji kutetewa, na hilo liliniuma miaka mingi. Nikalipiza siku ambayo hakuwa na kosa.

Alifika siku iliyofuata. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha baba mbele ya duka lililofungwa, mikono juu ya magoti, mpaka jioni, kisha akaondoka bila kuaga. Miezi miwili hatukusemezana.

Kwa miezi hiyo nilifundisha shuleni nikiwa nimevaa viatu vyangu vya akiba, vilivyobonyea kama mkate uliokaliwa. Kiuno kilianza kuuma, kisha goti. Wiki ya saba nikaanza kuchechemea. Mimi! Walimu wenzangu walikuwa hawajui kabisa kwamba miguu yangu haikulingana. Mwalimu wa hesabu akaniuliza nimejikwaa wapi, nikamwambia kwenye ngazi, halafu nikaenda kulia chooni. Sikuulilia mguu tu. Niliona kazi ya maisha ya baba inasagika chini ya kisigino changu mwenyewe, na nikiendelea hivyo, haitapita muda nitarudi kuwa Reli.

Fundi wa mabegi akajitolea. "Kipimo nakijua kwa kichwa, mwanangu. Nimekisikia ukutani miaka yote hiyo."

Alinitengenezea vile viatu vilivyobaki mezani, kazi safi, ngozi nzuri. Jumatatu nikaingia navyo darasani na sikufika hata ubaoni. Niliegemea upande wa pili! Mguu mfupi ndio uliokuwa mrefu sasa. Nikashika dawati la mtoto wa mbele, naye kwa adabu akasogeza kitabu chake. Mchana nilikuwa dukani kwa fundi, na hasira zangu zilitangulia.

"Baba mdogo, ulipima kwa kipimo gani?"

"Kwa vidole viwili na kucha."

"Vya nani?"

Akatazama mikono yake, vidole vinene kama mipini ya jembe. Akatazama viatu. "Lo," akasema. "Lo, mwanangu." Tukacheka mpaka tukashikilia meza.

Tulijaribu rula. Lakini kila nilipojua napimwa nilijikaza, na rula ikatoa jibu jipya kila mara, kama shahidi wa uongo. Akaiweka chini.

"Mkono umebaki mmoja tu," akasema. "Siku ile mdogo wako alipokaa hapa, hukuitazama mikono yake? Mimi nilishtuka."

"Yule simtaki."

"Wewe humtaki. Mguu unamtaka."

Nilikaa na simu mkononi siku nzima kabla ya kumpigia. Nilimwambia nina shida na mguu, basi, hakuna zaidi. Hakuuliza swali. Jumamosi asubuhi aliegesha lori kwenye kona, akaingia dukani akinuka dizeli.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Fundi wa mabegi alishika penseli na kipande cha ubao. Honi alipiga goti bila kuelekezwa, kwa kuwa utotoni alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi kuliko alivyoona sinema. Akaulaza mkono kwa ubavu. Kilikuwa kile kile kidole cha kati cha baba kilichopinda kidogo, kucha zile zile bapa. Nikakanyaga. Kiuno changu kikakaribia kukaa sawa.

"Kucha," akasema fundi. Honi akaleta kidole gumba, kiuno kikatulia. "Hapo! Hapo hapo!" Fundi akapitisha penseli kwenye ubao.

Ningeweza kushuka. Sikushuka. Nilikuwa nimemkanyaga mdogo wangu.

"Ningeweza kukungoja," nikamwambia. "Hakuna aliyenizuia. Nilikataa kwa hasira tu. Nisamehe."

Hakuinua kichwa. "Nilitaka kumwona uso, dada. Uso tu."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulimwona."

Fundi wa mabegi akachukua ufagio, akatoka nje kufagia mahali pasipo na takataka. Honi akabaki amepiga goti. Akauliza, kwa sauti ya mtoto anayeomba kitu anachojua kitakataliwa, "Alikuwaje?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikamwambia yeye. Nilimwambia alikuwa na gundi kavu kidevuni, tukaisugua ikakataa kutoka. Kwamba ndevu za upande wa kushoto alikuwa amezinyoa, za kulia kazisahau. Kwamba unyusi mmoja ulikuwa juu, kama mteja amemletea kiatu cha aibu, na mdomo wazi kidogo.

"Kama mwenye maumivu?"

"Hapana. Kama anayetaka kusema neno."

"Neno gani?"

"Sijui, Honi. Wewe ndiye uliyekuwa unamwelewa hata akinyamaza."

Akaweka paji la uso juu ya goti langu, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika. Mkono wake ulikuwa bado chini ya kisigino changu. Nilitaka kuuondoa mguu, nisimuumize.

"Usishuke," akasema. "Niambie tena. Anzia kidevuni."

Nikaanza tena kidevuni, polepole, bila kuruka kitu.