Kila Mteja na Nguo Yake

Nina wivu, na sioni haya kusema. Mama husimulia kwamba siku nilipoonyeshwa mdogo wangu kwa mara ya kwanza, niliuliza huyu mgeni anarudi lini kwao. Nyumbani wote hucheka wakikisikia kisa hicho. Mimi mpaka leo sijajibiwa.

Baba alikuwa fundi cherehani. Utotoni nilimjua mgongo zaidi ya uso, maana alikuwa ameinama juu ya mashine mchana kutwa, na ukimwita anakwambia, "Ngoja nimalize mkono huu." Mikono ya mashati ya watu haikuisha. Ni pale macho yalipomgomea akafunga duka, ndipo na mimi nikampata. Kila mwisho wa mwaka alipenda kuwaandikia wateja wake wa zamani waliotawanyika huku na huko, na mimi mwanawe wa kwanza ndiye niliyekuwa nikimwandikia. Jumamosi mchana natoka kwangu, namkuta sebuleni kwenye kiti chake, kigoda changu kiko tayari kando ya goti lake.

"Kalamu, umefika?" Ndilo jina alilonipa, Kalamu.

Baba hamkumbuki mtu kwa sura, anamkumbuka kwa vipimo. "Mwandikie yule wa bega la kushoto lililoshuka. Muulize suti yake ya harusi bado inafunga vifungo, au tumbo limeshinda kesi?" Hakuna barua iliyotoka bila swali la nguo. Mjane mmoja aliandikiwa maneno yale yale kila mwaka: lile koti la marehemu litunze, usiligawe, bitana yake niliishona kwa mkono. Na kila nguo ilikuwa na kisa, kwa hiyo barua moja ilikula mchana mzima. Visa vyote hivyo nilisimuliwa mimi, peke yangu, na sikuwa na haraka ya kumaliza.

Basi mwaka jana mdogo wangu akaja likizo na kompyuta yake mgongoni. Yeye anafanya kazi ofisini, kwenye viyoyozi. Akanitazama ninavyoandika, akashika mdomo.

"Dada! Yaani 'natumaini u mzima' unaiandika upya kwenye kila barua?"

"Kwani ulitaka nimtakie mmoja tu uzima?"

Akavuta kiti, akaanza kumweleza Baba, si mimi. Barua inaandikwa moja tu, inaitwa kiolezo. Penye jina unaacha pengo, penye salamu pengo, penye nguo pengo. Pembeni unatengeneza jedwali: majina safu yake, shikamoo na hujambo safu yake, nguo safu yake. Ukibonyeza, kompyuta inachukua mstari mmoja mmoja, inajaza mapengo yenyewe. Mwakani unabonyeza tena.

"Aa!" Baba akajipiga kofi gotini. "Kama karatasi yangu ya kukatia kola! Unaichora mara moja, unakatia mashati yote."

"Hapo hapo, Baba!"

Roho iliniuma, niseme nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu nguo ndiyo iliyotulea.

Jedwali halijijazi lenyewe, lazima mtu akae na Baba amuulize mteja mmoja mmoja. Sasa nani alikalia kigoda changu? Wiki nzima hiyo nilikuja kila siku, nikawa jikoni namenya viazi, na huku sebuleni nawasikia wanacheka. Nikasikia kisa cha tumbo na kesi. Nikasikia na cha koti la marehemu, ambacho nilidhani ni changu mimi. Mama akaja kutazama sufuria.

"Wewe, maganda mazito hivyo, leo tutakula nini?"

"Mwambie huyo mwenye kompyuta amenye yeye."

"Wivu utakupasua, mwanangu."

"Acha unipasue."

Barua zilipochapwa, mdogo wangu akaniletea rundo zima. "Dada, hebu zipitie kabla sijazitia kwenye bahasha. Wewe ndiye unayewajua hawa watu."

"Kwani kompyuta yako haina macho?" Nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu nyumbani. Barua zikapelekwa posta bila mtu kuzisoma.

Simu ya kwanza alipiga mwalimu mkuu mstaafu, mzee mkavu, kichwani hana hata unywele. Anacheka mpaka anakohoa. Anasema ameulizwa kama gauni lake la harusi bado linamkaa vizuri kiunoni. Ya pili ilikuwa ya dereva wa lori aliyehimizwa asipandishe tena pindo la sketi. Bibi mmoja, rika la nyanya yetu, kaandikiwa "hujambo, mwanangu." Mimi nilikuwepo. Nilicheka nikakaa chini sakafuni.

Mdogo wangu akafungua kompyuta, akaliona kosa. Kabla ya kuchapa alikuwa ameyapanga majina kwa alfabeti ili bahasha zikae sawa. Majina yakahama. Salamu na nguo zikabaki pale pale zilipokuwa.

"Hongera," nikamwambia. "Kompyuta imejaza mapengo yenyewe."

Simu ikalia tena. Safari hii ni mke wa mpima ardhi, na sauti yake tuliisikia wote. Mumewe yuko safarini. Anafungua barua iliyokuja kwa jina lake, anakuta: lile koti la marehemu litunze. "Nimepiga ukunga mtaa mzima ukajaa! Majirani wananishinda kulia, ndipo mwenyewe anapiga simu kuuliza chaja yake nimeiweka wapi! Fundi, nimekukosea nini mimi?"

Nilianza kucheka, kisha nikamwona Baba. Alikuwa anapapasa meza akitafuta pa kuiweka simu.

"Tangu nishike mkasi," akasema, "sijawahi kumpa mteja nguo ya mwenzake."

Simu akaiacha ukingoni mwa meza.

"Barua basi. Za mashine, za mkono, zote basi." Akainuka, akashika ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango.

Jumamosi nikaja na kalamu yangu. Kigoda kilikuwa kitupu, hakuna wa kukigombea nami. Nikabisha mlango wa chumba. "Kalamu, pumzika," akaniambia kwa ndani. Jumamosi iliyofuata akasema vile vile. Ushindi ulikuwa wangu, na sikuwa na pa kuupeleka.

Mdogo wangu nikamkuta uani, amekaa chini ya dirisha la chumba cha Baba, analia. Nilikwenda kummalizia kabisa, sitaki kudanganya.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza.

"Sana."

"Furahi! Miaka yote hicho kigoda kilikuwa chako. Mimi nikisogea mlangoni naambiwa shh, Baba na Kalamu wanaandika. Wewe una jina. Mimi ananiita 'we mtoto.' Nikatafuta kitu usichokijua wewe, ili na mimi siku moja aniite. Nimekipata, ona nilichofanya."

Haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kunionea wivu mimi. Nilijisikia vibaya. Na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri pia, kidogo.

"Futa kamasi," nikamwambia. "Lete hiyo kompyuta."

Tukaketi kwenye korido, mgongo kwenye mlango wa Baba. Nikapaza sauti kama niko sokoni.

"Haya, turekebishe. Koti la marehemu ni la nani?"

Mdogo wangu akanikazia macho, halafu akaelewa. Mjanja yule, nampa haki yake. "Tumwekee muuza maziwa."

"Sawa, mabega yake yatalitosha."

Kitanda kikalia kule ndani.

"Na suti ya harusi?"

"Ya mwalimu mkuu. Si ndiye mwenye tumbo?"

"Ndiye huyo huyo. Andika."

"Muuza maziwa!" Baba akalipuka. "Yule mwenye kifua cha kuku? Koti lile lingemmeza akatokea mfukoni! Na mwalimu tumbo kalitoa wapi, mtu kiuno kama cha nyigu?" Mlango ukafunguka nusura tuanguke chali. "Nyie watoto mnataka kuniua na aibu? Ondokeni hapo, nipisheni nikae!"

Tukamfuata sebuleni. Akaketi, akasugua magoti, akakunja uso kama zamani mteja alipochelewa kuchukua nguo.

"Tunaanza upya. Mmoja mmoja, na kila mmoja aombwe radhi kwa nguo yake mwenyewe. Wa kwanza mke wa mpima ardhi. Kalamu, wewe utanisomea kila barua kabla haijatoka, hata moja isipite." Akageuza uso upande wa mdogo wangu. "Na wewe, Sindano, chapa ninavyosema."

Mdogo wangu akainamia kompyuta asionekane machozi. Dirisha la chumba cha Baba huwa halifungwi, nilipaswa kukumbuka tulipokuwa uani.

Sindano! Fundi cherehani mzima, maisha yake yote yamepita kwenye sindano, na jina hilo anampa kitinda mimba. Mimi nilipewa Kalamu, chombo cha makarani. Mama aliniona nilivyonuna, akaziba mdomo kwa kanga asicheke. Akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili, akakiweka upande wa pili wa goti la Baba.

Nikavuta changu mpaka kikamgusa Baba mguu.