Kidogo Kidogo kama Chang'aa

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na diploma ya utabibu, na pale zahanati ya Masara kila mtu aliniita daktari. Sikuwakatalia.

Nyamoita alikuja asubuhi akibeba mjukuu wake, Maroa, mtoto wa mwaka moja na nusu. Alikuwa anahara na kutapika tangu jana yake. Laini ya wachimba dhahabu ilikuwa imefika mpaka nje. Nikampea pakiti ya ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini.

"Nyanya, changanya na lita moja ya maji yamechemka, yakapoa. Halafu mpe kidogo kidogo, kama chang'aa."

Laini yote ikacheka. Mzee mmoja akasema, "Daktari, yangu sinywangi kidogo!"

"Ndio maana unaona dhahabu mahali hakuna," nikamjibu. Nikageuka. "Umesikia, nyanya?"

"Nimesikia, daktari."

Kwetu Wajaluo, kusikia na kuelewa ni neno moja. Nikaita mgonjwa mwingine.

Siku ya tatu alirudi, ameshika mkebe umefunikwa. Leso ya kubebea mtoto ilikuwa imekunjwa kwa bega. Sikuuliza Maroa ako wapi.

"Nimerudisha dawa," akasema. "Labda mtoto mwingine ataihitaji."

Nikafunua. Mkebe ulikuwa karibu kujaa.

"Nyanya, kwani hukumpa?"

"Nilimpa. Kifuniko moja asubuhi, moja jioni. Alililia hayo maji, akavuta mkebe, nikamkataza. Ulisema ni kama chang'aa, na sisi ni Wasabato, pombe hatugusi. Niliogopa itamzidi."

Chuoni tulifundishwa: usimuulize mgonjwa kama amesikia, mwambie arudie. Swali lilikuja kwa mtihani. Nilipata.

"Si ungeniuliza, nyanya?"

"Watu walikuwa wanacheka. Nikadhani wote wanajua, ni mimi tu." Akanisogezea mkebe. "Hiyo kidogo kidogo inakuwanga aje?"

Nikachukua kijiko. "Kijiko moja. Unangoja. Kingine. Mchana kutwa, usiku kucha, mpaka mkebe uishe."

Akachukua kijiko mkononi mwangu polepole. Akakunja mkono wa kushoto, leso ikiwa juu yake, vile mtu anapakata mtoto. Akachota. Akangoja. Akachota tena.

"Ni hivyo?"

"Ni hivyo, nyanya."

"Kumbe," akasema, na maji ya kijiko yakamwagikia leso.